Mipigo miwili au minne kwa anayeanza motokrosi?

Ndugu, umeuliza uanze motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, na cc 125 ya mipigo miwili au cc 250 ya mipigo minne, na kwa nini mbio za barabarani ziliitupa injini ya mipigo miwili. Mimi ningechukua 125.

Injini ya mipigo miwili huwaka kila kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara moja. Ya mipigo minne hungoja mizunguko miwili. Ndiyo maana 125 hupangwa daraja moja la mashindano na 250. Lakini nguvu yake imejibana kwenye mizunguko ya juu. Ukiiacha mizunguko ishuke, pikipiki inalala. Ukiishikilia juu, inakurusha kama jiwe la kombeo. Inachosha, ila itakufundisha klachi na kasi ya kuingia konani. Ile 250 inavuta tangu chini na kukusamehe makosa mengi, na ukiachia mafuta injini yenyewe inasaidia breki.

Matengenezo ndiyo yaliyonishawishi. Pistoni na ringi za 125 unabadilisha mwenyewe jioni moja. Ile nyingine ina vali, kemshafti inayozifungua na cheni ya taiming inayoizungusha; cheni ikivunjika, utalia. Usisahau tu kuchanganya oili kwenye petroli, la sivyo pistoni itakwama.

Barabarani kanuni ndizo zilizoamua: mwaka 2002 MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za barabarani duniani, iliruhusu cc 990 za mipigo minne dhidi ya cc 500 za mipigo miwili. Mwitaliano Valentino Rossi akachukua ubingwa na Honda yake ya mipigo minne. Mashindano gani hayo, karibu mara mbili ya ujazo?