Wasomaji Wanauliza: Filbert Bayi na Dhahabu Ambayo Hakuipata

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mkoani Singida na ninakimbia mita 1500 katika mashindano ya shule. Babu yangu hakubali mkimbiaji yeyote awekwe juu ya Filbert Bayi, na husema kwamba alikuwa akiwashinda watu kwa kutangulia tangu bastola inapolia. Mwalimu wetu hutufundisha kukaa nyuma ya wenzetu hadi mzunguko wa mwisho. Wenzangu nao wananiambia kwamba Bayi hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki, kwa hiyo babu anatia chumvi. Naomba kujua ukweli.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Babu yako hajatia chumvi hata chembe, na mwalimu wako pia hakukosea, kwa maana anawafundisha njia ambayo wakimbiaji wengi hushindia. Anayetangulia hupasua upepo kwa faida ya walio nyuma yake, hana mgongo wa mtu wa kuutazama ili apime mwendo, na kila anayemfuata anamwona ilhali yeye hawaoni. Ndiyo sababu fainali nyingi za mita 1500 huenda polepole, watu wakisukumana kwa viwiko, hadi kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia. Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikataa kusubiri kengele hiyo.

Chukua siku ya tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alikuwa na umri wa miaka 20. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Lagos, alikuwa amemshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki kutoka Kenya, katika Michezo ya Afrika, lakini safari hii alisimama mstarini pamoja na John Walker na Rod Dixon, vijana wa nyumbani walioshangiliwa na uwanja mzima, na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye alikwisha kutwaa dhahabu mbili katika michezo hiyohiyo. Bastola ilipolia, Bayi aliondoka kama mtu anayekimbia mita 800, na ilipofika katikati ya mbio alikuwa amewaacha wenzake kwa kama mita 20. Nimeitazama picha ya mbio ile mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye kona ya mwisho moyo hunienda mbio, kwa sababu Walker anakaribia, anazidi kukaribia, na mtu angedhani kijana wa mbele amekwisha. Kumbe bado ana akiba miguuni. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyokuwa imedumu tangu 1967. Walker aliyeshika nafasi ya pili naye aliipita rekodi hiyo ya zamani, jambo linaloonyesha jinsi Bayi alivyowavuta hata walioshindwa. Rekodi yake ilisimama hadi Agosti 1979, ilipovunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza. Katikati ya muda huo, Mei 1975, aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja mjini Kingston, Jamaika, ingawa Walker aliivunja miezi mitatu tu baadaye.

Sasa kuhusu dhahabu. Dunia nzima ilingoja Bayi na Walker wakutane Montreal mwaka 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokataa kuiondoa New Zealand, zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziliisusia michezo. Walker alishinda kwa dakika 3 na sekunde 39.2, yaani polepole kwa sekunde 7 kuliko mwendo wa Bayi wa Christchurch. Sisemi kwamba Bayi angeshinda, maana fainali huwa na mambo yake. Nasema kwamba huwezi kumhukumu mtu kwa mbio ambazo hakukimbia, tena kwa uamuzi ambao mimi binafsi naona nchi yetu ilikuwa na haki kuufanya.

Wenzako wakumbushe pia kwamba alipata medali ya Olimpiki. Mwaka 1980 mjini Moscow aliingia katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akatangulia vilevile kama ada yake, akawaacha mbali, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Akachukua fedha. Katika michezo hiyohiyo Mtanzania mwenzake, Suleiman Nyambui, alipata fedha ya mita 5000.

Kwa mashindano yako ya shule, mwanangu, endelea kumsikiliza mwalimu. Lakini siku moja ya mazoezi mwombe ruhusa utangulie mizunguko yote mitatu na robo tatu bila kugeuka nyuma, kisha nenda ukamweleze babu yako ulivyojisikia katika mita 200 za mwisho.