Kahawa kichwani: inaotesha nywele au la?

Wateja wangu wa saluni hapa Ngamiani, Tanga, hawachoki kuniuliza swali hili, na wengine huja na kahawa yao tayari kwenye chupa: "Dada, nipake hii, nasikia inajaza nywele." Kama kichwa hakina vidonda, napaka. Ila kwanza namwomba mtu asogee mlangoni penye mwanga, niitazame ngozi ya kichwa chake.

Habari ya kahawa ina chanzo chake. Mwaka 2007 watafiti wa Jena, Ujerumani, walichukua vishina vya nywele kwa wanaume wenye upara wa kurithi, wakavilea maabara. Homoni ya testosteroni ikazidumaza zile nywele, na walipoongeza kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, zikaendelea kukua. Mwaka 2017 ukaja utafiti wa wanaume 210: kwa miezi sita wengine walipaka kafeini ya asilimia 0.2, wengine minoxidil, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, na matokeo yakakaribiana. Lakini mwaka 2018 wasimamizi wa matangazo Uingereza waliwazuia wenye shampuu ya Alpecin kudai kwamba kafeini yake inapunguza kunyonyoka kwa nywele. Walisema ushahidi hautoshi.

Kwa hiyo naamini kafeini inaweza kusaidia kidogo upara unaoletwa na homoni. Wanawake wengi ninaowasuka hawana upara huo.

Wana hiki: binti anakaa kitini, twende kilioni zimebanwa mpaka hawezi kulala ubavu. Nikifumua, naona vipele vidogo vyeupe vimejipanga kwenye mzizi wa kila msuko wa mbele, na pembeni mwa paji la uso zimebaki nywele chache, laini kama manyoya ya kifaranga. Ngozi imechoka kuvutwa. Huyo hata umwogeshe kahawa ya mji mzima hatapona huku kila mwisho wa mwezi anarudi kubanwa na kuongezewa rasta nzito. Dada yangu, mwambie msusi wako "mbele usinibane", na ukiona maumivu usimeze panadol ili ulale, fumua. Ukiwahi, nywele hurudi. Ukivutwa kwa miaka, shina hufa, ngozi inabaki inang'aa, na hapo hakuna cha kupaka kitakachoziotesha tena.

Kundi la pili ni waliojifungua. Kama miezi mitatu baada ya uzazi nywele huanza kutoka kwa mafungu, mama analia, na shoga yake anamletea kahawa. Nywele hizo kwa kawaida hujirudia zenyewe mtoto anapokaribia mwaka, nayo kahawa inabeba sifa. Mama huyu namhimiza zaidi akapime damu, maana upungufu wa madini ya chuma nao hunyonyoa nywele. Na kahawa au chai anayoshushia chakula huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Anywe, ila mbali na saa ya kula.

Ukitaka kujaribu, jua kwamba kahawa ya kawaida ina takriban miligramu 40 za kafeini kwa mililita 100, wakati dawa ya ule utafiti wa 2017 ilikuwa na 200. Hivyo usitegemee makubwa. Ichemshe, ichuje kwa kitambaa, iache ipoe kabisa, kisha imimine kwenye ngozi baada ya kuosha, usugue taratibu kwa ncha za vidole na usuuze. Machicha usipake, hata kama umeona wanavyofanya kwenye video. Hunasa kwenye nywele za kipilipili, na kuyatoa kwa kitana kutakukatia nywele nyingi kuliko ulizotaka kuotesha. Taulo jeupe liweke mbali, na mwenye mvi ajue zitabadilika rangi kidogo.

Mafuta yetu ya nazi nayapenda zaidi, kwa sababu yanapunguza kukatika. Hayaoteshi, lakini urefu ulioupata unabaki.

Kuna vichwa ambavyo sivigusi kabisa: chenye viduara vya upara, chenye usaha, au cha mtoto mwenye magamba na muwasho. Mapunye hayaponi kwa kahawa wala kwa mafuta ya kupaka peke yake, yanataka dawa ya kumeza. Mpeleke zahanati kwanza, na kitana chake asichangie na wenzake.