Kitenzi kidogo kilichonisumbua ughaibuni

Mdogo wangu, juzi uliniuliza swali ambalo wengi huko nyumbani, mtaani Umoja, Nairobi, wamewahi kuniuliza: mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, akafaulu na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, atasumbuliwaje na lugha akifika Uingereza? Nitakujibu bila kukuficha. Maneno makubwa hayakunisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni kitenzi kidogo, "get", ambacho walimu wetu walikuwa wakikipigia mstari mwekundu katika insha, wakitutaka tuandike neno zito zaidi.

Hapa Leeds, katika makao ya wazee ninakofanya kazi, hazipiti sentensi mbili bila kitenzi hicho. Nilikuja nikijua kuwa maana yake ni kupata, na kwa kweli "pata" yetu nayo ina mengi: tunapata kazi, tunapata ajali, kisu kikali hupata, na hapo Nairobi mtu hukuuliza, "Umenipata?" akitaka kujua kama umemwelewa. Lakini tazama "get on" peke yake. Kwenye basi ni kupanda. Na wenzako kazini ni kupatana. Kwa mzee ni umri kusonga. Binti wa bibi mmoja ninayemhudumia aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake "is getting on", nami nikamjibu kuwa nimefurahi sana, kwa kuwa nilidhani anasema anaendelea vizuri. Alinitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Lililonigharimu zaidi ni lile la karatasi ya dawa. Msimamizi aliniambia, "Get the chart checked." Niliikagua mwenyewe kwa makini, mstari kwa mstari, nikatia sahihi, na jioni nikapewa barua ya onyo, kwani alitaka nimtafute muuguzi aikague. Sikuiona barua ile kuwa ya haki, maana hakuna aliyeniuliza nilielewa nini. Hata hivyo, maana hiyo tunayo katika lugha yetu wenyewe: ukipelekea fundi kitambaa pale Kenyatta Market, unasema umeshonesha gauni, na mkia huo wa kitenzi unamjulisha msikilizaji kwamba sindano ilikuwa mkononi mwa mwingine. Waingereza hawana mkia huo. Wao hutanguliza "get", wakataja kitu, ndipo wakamalizia na tendo linalotakiwa kutendwa. Laiti mwalimu mmoja angetuwekea "shonesha" ubaoni kando ya "get", ningeelewa siku hiyohiyo.

Siku hizi nikipewa agizo lenye kitenzi hicho nami sina hakika, sioni haya kusimama na kuuliza kabla sijagusa kalamu: nifanye mwenyewe, au nimtafute wa kufanya?