Maswali Yenu: Joto la Friji Lipate pa Kutokea

Swali: Asalaam alaykum. Friji yetu tumeiweka chini ya ngazi kwa vile jikoni hapana nafasi. Tangu kaskazi ianze mbavu zake zinaunguza, mashine hainyamazi, na yuniti za TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) hazikai. Fundi anasema gesi imepungua, aongeze. Tumkubalie?
*Mama, Mkunazini*

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Msimkubalie bado. Gesi ya friji huzunguka ndani ya mirija iliyozibwa; haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Ikipungua pana tundu, na fundi anayejaza bila ya kulitafuta mtamwita tena. Halafu dalili zenu si hizo. Friji iliyopungukiwa gesi mbavu zake huwa vuguvugu tu, na barafu hushika sehemu moja ya friza, kwengine kukavu. Yenu inatoa joto sana, ila joto lenyewe halina pa kwenda.

Friji kazi yake ni kuchota joto la ndani na kulimwaga nje. Za zamani hulimwaga kwa wavu mweusi wa nyuma, nyingi za sasa kwa mirija iliyofichwa ndani ya mbavu. Chini ya ngazi hewa ya moto hupanda, ikazuiwa na ngazi, ikabaki pale pale, na mashine ikawa inamwaga joto kwenye hewa iliyokwishapata moto. Ndiyo maana haizimi. Pigeni hesabu: mashine ya wati 120 ikifanya kazi saa 12 kwa siku hula yuniti 1.44, ikifanya saa 20 hula 2.4. Kwa mwezi ni kama yuniti 29 za bure.

Itoeni hapo. Kitabu chake kikiwa kimetaja nafasi, fuateni hicho. Kama kimepotea, acheni vidole vinne (sentimita 8 hivi) nyuma na kila ubavu, na juu sentimita 30. Isipigwe na jua la dirishani wala isipakane na jiko. Ikiwa ni ya wavu wa nyuma, chomoeni waya kila miezi mitatu mwondoe vumbi kwa brashi laini kavu, kwani vumbi lililoshika chumvi ya bahari hula chuma. Maji msimwage; nyaya za mashine zipo hapo hapo chini.

Mkitaka kujua kama mmefaidika, kabla ya kuihamisha zimeni vitu vyengine vyote (feni nayo, mtastahamili), someni mita saa 5 za usiku na tena saa 11 za alfajiri. Rudieni baada ya kuihamisha, kisha linganisheni.

Swali: Nimenunua friji ya mtumba iliyotoka Ulaya. Asubuhi inapoa vizuri, mchana haizimi kabisa hata nikiiweka namba ya mwisho. Ni mbovu?
*Msomaji, Wete*

Jibu: Huenda si mbovu, ni mgeni wa joto letu. Tazama kibandiko kilichomo ndani, utakuta herufi. N imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Ikiwa yako ni N na imo jikoni chini ya bati tupu, mchana umeshapita kipimo chake. Ihamishie chumba kinachopitisha upepo. Namba ya mwisho haiongezi nguvu ya mashine, inaizuia tu isipumzike. Tia kipimajoto ndani ya gilasi ya maji, kiweke rafu ya katikati, kisome asubuhi: nyuzi 4 zinatosha. Ukinunua nyengine, tafuta T.

Swali: Kitambaa cha kufuma juu ya friji kina madhara?

Jibu: Kikiishia juu, hakina neno. Kikining'inia mpaka mbavuni, kwa friji zenye mirija ya ubavuni ni sawa na kuivisha koti.

Swali: Nauza malai na barafu za ubuyu. Nikijaza friza usiku, asubuhi za katikati bado maji.
*Dada, Chake Chake*

Jibu: Dada, malai unayatia yakiwa moto? Lita moja ikitoka nyuzi 90 kushuka hadi 30 inabeba kama nusu ya joto linalohitajika kuondolewa ili maji ya nyuzi 30 yawe barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Hiyo nusu iachie beseni la maji nje, bure. Kisha panga vifuko safu moja, vigusane na bati la friza, na safu ya pili uitie ya kwanza ikishaganda. Rundo la pamoja hujikinga lenyewe baridi. Barafu ya ukutani ikifika unene wa milimita 5, zima, iache iyayuke. Kisu usitie: mirija imo nyuma ya bati jembamba, na ukiitoboa ndipo gesi itakapokwisha kweli.