Usikimbilie mahakamani kabla ya kupiga hesabu

Pole sana dada. Unauliza kama utangaze kufilisika mahakamani kwa deni la kadi za mkopo la dola 18,000 huko Marekani, na mshahara bado unaingia: mimi nisingeanza na hilo. Mtafute kwanza mshauri wa madeni wa shirika lisilo la kibiashara. Huziomba benki zishushe riba, nawe unalipa kwake mara moja kwa mwezi, kwa kawaida miaka 3 hadi 5. Kampuni zinazokuambia uache kulipa ili zikupatanishe na benki ikupunguzie deni, zikwepe kabisa! Riba inazidi kupanda, unaweza kushtakiwa, na kiasi kitakachosamehewa huenda kikatozwa kodi kama kipato.

Ukiona hata riba hailipiki, Sura ya 7, yaani aina ya kufilisika inayofuta madeni kama haya, ni njia halali kisheria ukikidhi masharti, wala si aibu, ingawa inaweza kubaki kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 10. Ila kama mumeo alisaini kadi pamoja nawe, benki itamgeukia yeye. Zungumzeni kabla hujamwona wakili.