Jukwaa la mashairi lisilie chini ya miguu

Jukwaa langu la kwanza nililipiga misumari tupu, na usiku ule ule wa kwanza mshairi akafika pale pa kunyamaza, ukumbi kimyaa, akahamisha mguu mmoja tu, mbao zikalia kwiiii, watu wote wakaangalia miguu yake. Iliniuma sana maana ule ukimya ndo ulikuwa shairi lenyewe.

Kosa lilikuwa misumari. Mbao ikikauka inasinyaa, msumari unalegea kwenye tundu lake, alafu kila mtu akikanyaga mbao inapanda na kushuka ikisuguana nao. Siku hizi natumia skrubu, na kabla ya kufunga plaiwudi napaka gundi ya mbao juu ya fremu yote. Plaiwudi iwe ya milimita 18, nyembamba kuliko hapo inabonyea na mtu anayesoma akisikia sakafu inabonyea anaanza kusimama kwa woga, sauti nayo inabana.

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikate katikati upate vipande viwili vya futi 4 kwa 4, watu wawili wanabeba bila shida, mkifika mnaviunga kwa bolti. Fremu ni mbao za inchi 2 kwa 4 zilizosimamishwa kwa ubavu, ule upande mwembamba uwe juu, za katikati kila inchi 16. Miguu ndo usifanye haraka: fremu ikalie kichwa cha mguu kabisa, isining'inie kwenye bolti, kisha funga mbao za mshazari la sivyo litayumba. Kimo futi moja inatosha. Ukingo wa mbele bandika utepe mweupe, taa zikimpiga mtu machoni haoni pa kuishia.

Kitu kingine, jukwaa lenye uwazi chini ni ngoma, hatua zinapanda kwenye stendi mpaka kwenye maiki na spika zinatoa du du du. Jaza mablanketi ya zamani chini na stendi iweke juu ya kipande kinene cha raba.

Likiisha, rukeni wawili kwa pamoja. Alafu mmoja atembee pekupeku taratiibu, we lala chini sikio karibu na mbao, chaki mkononi, kila panapolia weka alama uongeze skrubu.