Jibu: Mama mkwe anataka raíz de tejocote

Mkuu, simamisha hiyo oda kwanza. Umeuliza mambo mawili: taarifa za afya mtandaoni ni za kuaminika zaidi kwa Kiingereza au kwa Kihispania, na programu gani ya simu inatafsiri barua za daktari. La programu nitalijibu siku nyingine. Lakini katikati umegusia kwamba mama mkwe wako anataka vidonge vya mzizi wa tejocote apunguze uzito, nawe ndiye unalipa. Hapo nimeshtuka.

Niko Houston, Marekani, nimeoa kwa watu wa Puebla, Mexico. Kwao tejocote ni tunda la Krismasi, linachemshwa kwenye ponche, kinywaji cha moto cha matunda, wamelila tangu utotoni. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana anatumia jina hilo. Mama mkwe wangu hasomi Kiingereza. Simu yake ilijaa video za Kihispania za mwanamama aliyevaa koti jeupe, anaapa kwamba mzizi ni wa asili na ukitapika ujue mwili unajisafisha. Mimi nikatafuta kwa Kiingereza, nikakuta maoni ya wanunuzi, nyota tano tupu. Tukanunua.

Akaanza kutapika. Tukasema ndiyo kusafishwa kwenyewe. Akaharisha, akashikwa na kizunguzungu, mapigo ya moyo yakashuka mpaka tukamkimbiza hospitali, akafungwa mashine ya moyo. Daktari akauliza kama anatumia digoxin, dawa ya moyo, maana damu ilionyesha kitu cha namna hiyo. Hajawahi kuigusa maishani.

CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walishachapisha mwaka 2023: bidhaa 10 za tejocote zilizouzwa mtandaoni zilipimwa, 9 zikakutwa ni oleanda ya njano. Ndiyo ile ya maua ya njano inayopandwa uani hata kwetu Tanzania, na sumu yake inashambulia moyo. Januari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nao wakaanza kutoa maonyo. Na jua kwamba kwa sheria ya Marekani ya 1994, virutubisho vinaingia sokoni bila FDA kuvipitisha kwanza. Lebo nzuri haithibitishi chochote.

Yule mwanamama simsamehe. Watu walimwandikia chini ya video kwamba wanatapika hawalali, akawajibu wanywe maji zaidi na wasiache. Alikuwa anasoma dalili za sumu kwa macho yake na bado anauza!

Kwa hiyo chochote cha kumeza, tafuta jina lake kwa lugha zote mbili, na liandike pamoja na neno FDA, ili maonyo yatangulie matangazo. Kwa ugonjwa wenyewe nenda MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kuna kitufe cha Español, yaani Kihispania, wewe unasoma Kiingereza na mama anasoma maelezo hayohayo kwa lugha yake, hakuna wa kumfasiria mwenzake kwa kubahatisha. Ukimkataza tu bila yeye kusoma mwenyewe, ataagiza kwa siri. Wazee hawapendi kuamriwa na mkwe.

Na kama ameshameza hata kimoja, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu. Ni bure, usiku na mchana, na wakalimani wapo, kwa hiyo mpe simu aongee mwenyewe. Akizimia, 911 ya dharura moja kwa moja. Chupa usiitupe, hospitali wataitaka.